Maji ya Kumtubisha Stella

Uvumi ule ulitoka Tandahimba. Ulifika Newala kwa basi, kama zinavyofika habari zetu nyingi, ukanikaa kichwani hata nikawa nauwaza wakati wa kutwanga. Walisema yuko mganga mmoja ana maji yake. Mwizi akinywa kikombe kimoja tu, wizi unamtoka. Asubuhi anarudisha alichoiba, anafagia uwanja wa aliyemwibia, na tangu siku hiyo ukimwambia simama juani, anasimama.

Ningepaswa kucheka. Sikucheka, kwa sababu nyumbani kwangu maji yalikuwa yanaibwa.

Anayeijua Newala atanielewa. Sisi tunakaa juu, chemchemi ziko bondeni. Kushuka si kazi, kazi ni kupanda na ndoo kichwani. Baba Dorika alikuwa amejenga kisima cha saruji nyuma ya nyumba, kinapokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, na maji hayo tuliyabana mpaka mvua nyingine. Lakini kila Jumapili tukirudi kanisani nilikuta yamepungua, na pembeni pana alama za nyayo ndogo.

Jioni moja nikasema kwa hasira, "Ningeyapata yale maji ya Tandahimba, ningemnywesha huyu mwizi mpaka atapike tabia yake!"

Mwanangu Dorika, wa miaka kumi na miwili, alikuwa anachambua kisamvu. Kumbe alikuwa anasikia.

Kesho yake nikawasikia uwanjani, yeye na rafiki yake Kurwa, mtoto wa jirani. Walikuwa na mchezo mpya. Kurwa ni mwizi, Dorika ni mganga.

"Kunywa!"

"Nimekunywa."

"Haya, umeshakuwa mwema. Nipe maembe yangu, halafu nibebe."

"Mbona nimekuwa mwema haraka hivyo?" Kurwa akauliza. "Hata moyoni sijasikia kitu."

"Ndiyo dawa, bwana! Ukishakunywa huna lako. Nibebe!"

Nilicheka, nikaendelea na kazi zangu.

Jumapili iliyofuata Dorika akasema tumbo linamuuma, nikamwacha nyumbani. Tumbo halikuwa na kitu. Alijificha na Kurwa jikoni wakimngoja mwizi, na mwizi akaja na ndoo yake. Alikuwa Stella, mtoto wa miaka kumi na mmoja, anayelelewa na bibi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao kununua korosho, na salfa iliuzwa hata dukani, rafu moja na sukari. Mfuko wetu niliuweka nyuma ya mlango wa jiko. Watoto wetu wanaijua salfa. Kila mwaka wanawaona baba zao wakiipulizia mikorosho unga ule wa njano, na ule ukungu mweupe unaoharibu maua unakwisha.

"Kama inautoa ugonjwa wa mkorosho," Dorika akamwambia Kurwa, "itashindwa wizi wa Stella?"

"Lakini baba yako akiipuliza anafunga pua."

"Anafunga kwa sababu yeye si mwizi."

Wakakoroga salfa kwenye kikombe cha maji, wakamtokea pale kisimani. Wakamwambia Stella anywe, la sivyo watampeleka kwa mwenyekiti na bibi yake ataitwa mbele za watu. Stella akanywa.

Tuliporudi tulimkuta amechuchumaa kando ya kisima anatapika, macho mekundu kama pilipili. Nilipiga kelele. Baba Dorika akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, mimi nikikimbia nyuma, kanga mkononi.

Nesi Isabela alimsafisha macho, akamlaza, kisha akanigeukia. "Mama Dorika, siku hizi salfa mnawapulizia hata watoto?"

Nikamfunika Stella kwa ile kanga, nesi akaendelea.

"Mshukuru ilikuwa salfa, na kwamba alikunywa kidogo. Ingekuwa ile dawa ya maji ya kuulia wadudu, sasa hivi tungekuwa tunalia wote."

Jumanne asubuhi nikaamka nikamkuta Stella uwanjani kwangu, anafagia.

"Shikamoo, Mama Dorika."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Hakuna." Akaendelea kufagia. Alipomaliza akachukua mfuko wa daftari wa Dorika, akauweka begani, na wa Kurwa, aliyekuja kumpitia Dorika waende shule, akauweka juu yake.

Dorika akanivuta kanga. "Mama, imefanya kazi! Amekuwa mwema!"

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Uwanja ulikuwa safi.

"Stella," Dorika akasema, "simama kwa mguu mmoja."

Stella akasimama kwa mguu mmoja. Kurwa akacheka mpaka akashika tumbo.

"Stella, unapenda kufagia kwetu?" nikamuuliza.

"Mkitaka nipende, napenda."

Furaha ile ikaniishia. Nilimwambia Kurwa aende shule, nikamwingiza Stella jikoni, nikampa uji. Akautazama uji, akanitazama mimi.

"Huu ni uji tu," nikasema. "Na kama hutaki, hakuna atakayekufanya kitu."

Akausogeza uji kando. Kisha akasema polepole, "Sitaki."

"Vizuri." Nikaunywa mwenyewe mbele yake.

Hapo ndipo machozi yakamtoka, na maneno nayo. Miguu ya bibi yake ilikuwa imevimba tangu Pasaka, haiwezi kushuka bondeni. Siku nyingine Stella alishuka pamoja na wanawake wengine. Jumapili njia haina watu, kila mtu yuko kanisani, na yeye anaogopa kushuka peke yake.

"Mbona hukuja kuniomba?"

"Uliwahi kumfukuza Mama Priska alipokuja na ndoo yake kuomba maji. Nilikuwepo."

Ilikuwa kweli.

Dorika alikuwa mlangoni amesikia yote. Nikamwita karibu.

"Kosa la kwanza ni langu, niliyesema maneno yale mbele yako," nikamwambia. "Sasa sikiliza. Stella alikosa, maji si yake. Lakini ulitaka kumtoa wizi bila hata kumuuliza kwa nini anaiba. Umemtoa wizi? Umemtoa ulimi. Anayefagia kwa kuogopa kikombe hajawa mwema, ameogopa tu. Mtu anageuka mwenyewe, mwanangu. Sisi tunamwambia kosa lake, tunamshika mkono, basi."

Dorika akalia. "Nisamehe, Stella."

"Bado," Stella akasema. "Tumbo bado linauma."

Nikamwacha, kwa sababu msamaha nao mtu hanyweshwi. Tangu siku hiyo Dorika alishuka bondeni na Stella kila alasiri, na Jumapili ndoo moja ya kisima changu ikawa ya bibi yake.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunakula, Stella akaja. Hakuna aliyemtuma, niliuliza.

"Shikamoo, Baba Dorika. Ni mimi niliyekuwa nachukua maji yenu. Mara nne. Nisameheni."

"Mara nne?" Baba Dorika akasema. "Mimi nimehesabu sita."

"Nne," Stella akasema, bila kuinama.

"Basi hizo mbili ni mbuzi. Karibu ugali."

Akanawa, akaketi kando ya Dorika. "Tumbo limepona," akamwambia.

Wanangu mnaosoma, yashikeni haya:

Msichezee salfa wala dawa yoyote ya mikorosho.

Msimnyweshe mtu kitu asichokijua, hata kwa mzaha.

Mkimkamata mwizi, msimhukumu wenyewe. Mwiteni mtu mzima.

Msimwamrishe mtu kwa sababu anawaogopa.

Msichukue maji ya watu. Ombeni.

Na sisi wazazi: tusiweke salfa jikoni. Tusitamani mbele ya watoto yale tusiyotaka wayafanye. Tusimfukuze aliyekuja na ndoo.