Anayepiga Besi Kwenye Simu

Duka la vyombo vya muziki vya mitumba lilikuwa limejaa hadi mlangoni Jumamosi ile. Mmoja alikuwa anajaribu ngoma, mwingine kinanda, na wengine walibishana mbele ya amplifaya kama mawakili. Katikati ya makelele hayo, mikono miwili ilishika shingo moja ya gitaa la besi: wa mwanamke kutoka kushoto, wa mwanamume kutoka kulia. Hakuna aliyeachia.

"Samahani kaka, nimelishika mwanzo."

"Dada, mimi nililishika kwa macho tangu niko kwenye ngazi."

"Macho ndiyo kazi yangu. Usinidanganye, umeliona sasa hivi."

Kweli macho yalikuwa kazi yake. Alikuwa mpima macho, na mtaani kwao walimwita Daktari wa Miwani. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya limau na viatu vyeupe, nywele amezibana juu. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti. Mikono ya ovaroli yake ya buluu aliifunga kiunoni, na fulana yake ilinukia sabuni iliyoshindwa na grisi. Wote wawili walipiga besi kwa kujifurahisha tu, jioni na mwisho wa wiki, kama wengine wanavyocheza karata.

Gitaa lenyewe lilikuwa la rangi ya chai ya rangi, limechubuka pale mkono wa mwenyewe ulipozoea kulala. Nyuzi zilikuwa nzee, na chini yake mtu alikuwa amebana kipande cha sponji ili sauti isivume sana.

"Nyuzi zimekufa hizi," fundi alisema. "Weka mpya, toa huo uchafu, piga kwa gumba. Watu wataruka."

"Wataruka au watakimbia? Nyie wa gumba mnapiga kama mnafukuza kuku."

"Na nyie wa sponji mnapiga kama mnaomba radhi."

Mwanamke alicheka, akapiga noti moja nene, ya duara. "Sikiliza. Nyuzi za besi zikifa ndipo zinaanza kusema kweli."

Mwenye duka, mzee aliyekuwa akifuta vumbi, aliacha kufuta. "Likitoka hapa silipokei tena," alisema taratibu, bila kuwatazama.

Fundi aliachia shingo ya gitaa. "Lichukue. Ila nipe namba, nijue linaendeleaje."

"Namba ya gitaa?"

"Ya mlezi wake."

Basi wakaanza kupigiana simu kila jioni. Fundi alimsimulia habari za lifti: bwana harusi aliyekwama kati ya ghorofa, bibi aliyekataa kutoka mpaka amalize kusinzia. Mwanamke alicheka mpaka akashika mbavu. Siku za mapumziko walikutana, wakabishana juu ya toni na spika, wakashikana mikono kabla ubishi haujaisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wafanyakazi wenzake kliniki waliona jinsi mwanamke alivyokuwa akisafisha lenzi ileile mara mbili.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Kila walipoongea kwenye simu, nyuma ya sauti ya fundi alisikia besi. Ilipigwa polepole, chini sana, ikamzunguka kama mkono unaozunguka bega. Alidhani fundi ameweka simu mezani, anampigia besi huku wakiongea, na alifurahi kugundua kwamba mtu huyu wa gumba na kelele alikuwa na upole huo ndani yake. Hakutaja, asije akamtia haya akaacha. Mara nyingine alinyamaza katikati ya neno, akafumba macho, akasikiliza.

Kumbe fundi naye alisikia. Yeye aliisikia ikitoka kwa mwanamke. Mwanzo alidhani ni redio. Kisha akatambua kwamba mpigaji anabadilisha: mpenzi wake akicheka, besi inapanda, akinyamaza, inashuka kumngoja. Redio haimngoji mtu. Na ule unyamavu wake, zile pumzi! Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni moja alishindwa kuumeza. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, laazizi. Napiga pasi."

"Nasikia besi."

Mwanamke akacheka kwa deko. "Hatimaye umesema mwenyewe! Endelea basi, usiache."

"Niendelee na nini?"

"Kunipigia, jamani."

"Mnanicheka wawili, siyo? Yuko hapo kitandani kwako, anapiga, na wewe unanifanya zuzu!"

Simu ilikatika. Besi haikukatika.

Mwanamke alisimama, pasi mkononi. Sauti ilikuwa ikitoka chumbani mwake, chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa gitaa uliofungwa zipu. Ilimalizia mstari wake bila haraka, kisha ikanyamaza. Alipopata nguvu ya kuuvuta mfuko na kuufungua, aligusa nyuzi. Zilikuwa na joto, kama kiti alichokiacha mtu sasa hivi.

Fundi hakupokea simu zake tena. Siku zikapita. Gitaa nalo lilinyamaza, na mwanamke aligundua, akiwa na sufuria jikoni au mgonjwa mbele ya ubao wa herufi, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Mchana mmoja alivua koti la kazi, akamfuata kazini. Alimkuta kwenye ukumbi wa jengo refu, amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti uliofunguliwa juu ya giza.

"Njoo nyumbani kwangu sasa hivi, jua likiwaka," alimwambia. "Ukimkuta mwanamume, nitupe humo shimoni."

Alikwenda kwa hasira, akakagua kila chumba, hata nyuma ya pazia. Kisha mwanamke akaliweka gitaa kitandani, bila mfuko, bila waya, akamtuma fundi jikoni na kumwambia apige simu.

Alipiga. Mwanamke akapokea. "Sema kitu," alinong'ona.

"Niseme nini?"

Besi ikaanza. Fundi alitembea hadi mlango wa chumba, simu sikioni, akaona nyuzi zikitikisika mpaka zikawa ukungu, na sponji ikihema chini yake. Hakuna mkono uliozigusa. Vinyweleo vilimsimama hadi shingoni.

"Nilidhani ni wewe," mwanamke alisema. "Jioni zote zile, nilidhani ni wewe."

Fundi alishusha simu. Hofu alikuwa nayo, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mpigaji yule alikuwa anapiga vizuri kuliko atakavyopiga yeye maisha yake yote.

Walirudi dukani. Mwenye duka hakushangaa. Aliwaambia ni nani aliyeliuza: mama mjane, anaishi ghorofa ya juu kabisa katika nyumba za nyuma ya kiwanda cha nguo. Wakaenda wakiwa wamelibeba pamoja, huyu kichwa, yule miguu, kama wabeba jeneza.

Mlango ulifunguliwa na binti wa mjane. Mama mwenyewe alikuwa ameketi dirishani, mnyoofu, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Alipoliona gitaa alifunika mdomo.

"Semeni taratibu, mkimtazama," binti aliwaambia. "Hasikii. Anasoma midomo."

"Shikamoo mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Anawasumbua?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mtoto mtundu.

Aliwaeleza. Marehemu mumewe alikuwa na kigugumizi. Alipokuwa akimchumbia hakuweza kumaliza sentensi moja, kwa hiyo alimpigia simu na kumpigia besi, na yeye akaelewa kila kitu. Alipofariki, masikio ya mama yalikuwa yameshazimika. Kila binti alipoongea na simu mle ndani, watu wa upande wa pili waliuliza nani anapiga.

"Wote walimsikia," mama alisema. "Isipokuwa mimi. Nikaona uchungu, nikaliuza."

Mpima macho alitazama chini. Fundi ndiye aliyepiga magoti mbele ya kile kiti, akasema polepole ili midomo yake isomeke: "Mama, besi si ya masikio peke yake. Tukipiga sisi tunaisikia kwenye mifupa."

Akamlazia gitaa mapajani, akamwinamisha taratibu mpaka taya lake likagusa ubao. Kisha akamwomba binti namba, akatoka hadi barazani, akampigia simu.

Nyuzi zikatikisika. Mama alishtuka, akataka kujitoa, halafu akatulia. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, ukawa wa msichana aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia. "Mjinga huyu," alisema, machozi yakidondokea ubao. "Bado anaharakisha pale mwisho."

Hawakuliomba gitaa tena. Walishuka ngazi, mwangwi wa hatua zao ukirudi kutoka ukutani. Kwenye kona ya kwanza fundi alisimama.

"Niambie kweli. Ulimpenda nani? Mimi, au yeye?"

Mwanamke alifikiri. Hakutaka kumpaka asali mdomoni. "Ule upigaji niliupenda, nisikufiche. Lakini uliponikasirikia, gitaa lilibaki kwangu. Lilikuwa pale, chini ya kitanda, na sikulitafuta. Nilikuwa nangoja kuambiwa ni nani kakwama kwenye lifti."

Fundi aliangalia mikono yake yenye grisi. "Mimi sina kigugumizi, ila hili linanishinda."

"Jaribu."

"Nataka... nataka tuoane. Ukinikubali."

"Na nyuzi zangu nzee?"

"Na sponji yake."

"Basi nimekukubali."

Fundi alimshika mkono, na kwa mkono mwingine kila mmoja akashika reli ya chuma ya ngazi, huyu huku na yule kule. Reli ilikuwa inatetemeka. Kutoka ghorofa ya juu kabisa mtetemo ulishuka, mnene, wa duara, ukaingia viganjani mwao na kupanda hadi kwenye meno. Walitazamana. Hakuna aliyeachia reli. Waliteremka hivyohivyo, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka chini.