Chupa Zilizorudi kutoka Biharamulo

Evaristi alikuwa akitengeneza mvinyo wa ndizi pale Kanazi. Yeye na mkewe, Consolatha, walimenya ndizi, wakakamua, wakachuja, wakachemsha, wakatia hamira na kujaza mapipa. Kazi hiyo aliijua. Lakini gari la mizigo likipita barabarani, aliinua kichwa. Likisimama kwenye kiwanda jirani cha Felisita, mke wa mdogo wake, alisonya.

"Leo amepakia kreti arobaini," Consolatha alisema.

"Umezihesabu?"

"Wewe hukuhesabu?"

Alikuwa amehesabu. Zilikuwa arobaini na mbili.

Alhamisi gari likasimama kwake. Akatoka mbio akitarajia mnunuzi. Kumbe ni Ntwari, mfanyabiashara wa Biharamulo, amerudisha kreti zote kumi na nane.

"Mzee Evaristi, baadhi ya chupa ni siki."

"Zipi?"

"Umezijaza wewe, unaniuliza mimi?"

"Na za Felisita je?"

"Zake pia ziliharibika."

Evaristi alitaka kutabasamu, lakini Ntwari aliendelea. "Ila yeye alinipigia simu mwenyewe. Akasema nitoe chupa ishirini na sita za pipa namba kumi na nne. Zilizobaki nauza. Sasa sikia, mzee. Kwa mzigo ujao, ukishindwa kuniambia chupa ipi imetoka pipa lipi, nitabaki na shemeji yako."

Evaristi alikwenda moja kwa moja kwa Felisita.

"Shikamoo, shemeji," Felisita alimwamkia.

"Marahaba. Umempa nini Ntwari?"

Felisita akacheka. "Nimempa majibu. Njoo uone."

Alifungua kompyuta yake ndogo. "Hapa nina majedwali matatu. La kwanza ni la ndizi: nani ameleta, lini. La pili ni la mapipa: namba ya pipa, ndizi za nani, lilijazwa tarehe gani, nani aliliosha. La tatu ni la chupa: zimetoka pipa lipi, zimekwenda kwa nani. Namba ya pipa na tarehe ndizo zinazoyaunganisha. Zimo pia kwenye lebo ya kila chupa. Mpangilio huu unaitwa hifadhidata."

"Na mfanyakazi akisahau kuandika namba?"

"Kompyuta inakataa kupokea."

"Inamkatalia mwenye mali?"

"Inamkatalia, shemeji. Nimeitengeneza hivyo."

Ilimuuma Evaristi. Angefurahi zaidi kama angekuta hirizi.

"Nami nitanunua kompyuta," alisema.

"Ngoja kwanza. Mabaki ya pipa unayapeleka wapi?"

"Namimina kwenye pipa jipya. Baba alifanya hivyo. Pombe ya zamani huifundisha ile changa."

"Baba alipika pombe ya kunywewa siku mbili, ikaisha. Sisi tunafunga chupa zikae miezi. Pipa moja likiwa siki, mabaki yake yanaharibu la pili, la pili linaharibu la tatu. Ukishachanganya, kompyuta itajuaje chupa imetoka wapi? Acha kuchanganya. Osha kila pipa kwa maji ya moto."

Evaristi akauliza kwa sauti ndogo, "Naanzia wapi?"

"Kwenye karatasi. Andika maswali yote ambayo Ntwari anaweza kukuuliza. Kila swali lazima lipate jibu kwenye jedwali. Ukiyajua maswali, majedwali utayajua."

Wakaandika maswali kumi na moja. Mengi aliyatoa Consolatha. Evaristi aliyapaka mapipa namba, akaziandika na kwenye lebo za chupa. Felisita aliwasaidia kutengeneza majedwali kwenye kompyuta iliyotumika, na Consolatha akawa mwandishi. Kila jioni aliandika kabla ya kupika. Mabaki hayakumiminwa tena.

Miezi minne baadaye, Evaristi alionja chupa aliyoiacha kama sampuli. Siki! Alipiga simu Biharamulo kabla Ntwari hajasikia lawama ya mteja.

"Toa chupa za pipa namba tisa, la tarehe tatu. Ni thelathini na moja."

Ntwari alikwenda kuzitafuta, akarudi kwenye simu. "Nimezitoa. Wiki ijayo niletee kreti ishirini na tano."

Consolatha hakuridhika. Aliiambia kompyuta imworodheshee mapipa yote yaliyowahi kuharibika. Pipa namba tisa lilitokea mara tatu; mara mbili za kwanza walikuwa wameumwaga mvinyo kabla ya kuutia chupani. Wakaligeuza. Ndani, karibu na kitako, palikuwa na ufa mwembamba uliojaa uchafu wa zamani. Maji ya moto hayakuwahi kuufikia. Wakalitoa kazini.

Felisita alisikia, akaja. Akautazama ule ufa, mikono kiunoni.

"Nani aliwafundisha kutafuta hivyo?"

"Tulijiuliza kwa nini," Evaristi alisema. "Jibu lilikuwemo muda wote."

"Na mimi la kumi na nne limeniharibikia mara mbili," Felisita alisema taratibu. Uso wake ulibadilika. Evaristi aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe miaka mitatu, kila gari liliposimama kwa Felisita. Felisita akageuka, akaondoka karibu akikimbia.

"Acha kucheka, mume wangu," Consolatha alisema.

"Sicheki," alijibu Evaristi. Akachukua tochi, akamfuata shemeji yake kwenda kumsaidia kuligeuza pipa.