Nyumba ya Kijani ya Harka

Purna na mkewe Dilmaya walikuwa wakifua mashuka ya mgeni aliyeondoka alfajiri. Simu ikalia. Alikuwa mgeni mwenyewe, bibi Mwingereza aitwaye Edith, yuko kituo cha basi mjini. Amesahau mfuko wa dawa zake za moyo, na basi la Kathmandu linaondoka mchana. Purna akamuuliza ameuacha wapi.

"Greenhouse," bibi akasema. Simu ikakatika.

Purna alijua "green" ni kijani na "house" ni nyumba. Kijijini kuna nyumba moja tu ya kijani, ya jirani yao Harka. Akaenda mbio, Dilmaya nyuma yake. Harka akasema hajaona mfuko wowote. Purna akaomba achungulie chini ya kitanda. Hapo maneno yakachacha.

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Sijasema hivyo, kaka. Ila mgeni kaitaja nyumba yako."

"Mgeni wako hajawahi kukanyaga hapa."

Purna akachanganyikiwa. Bibi mgonjwa atamdanganya kwa faida gani? Na Harka, wanayepandikiza naye mpunga kila mwaka, aibe dawa? Hakujua amwamini nani. Aliumia sana.

Sushmita, mkwe wa Harka, hufundisha watoto Kiingereza. Akatoka jikoni na unga mikononi, akauliza neno lilitamkwaje. Purna akalisema. Sisi wa huku tunatamka silabi zote kwa uzito mmoja, kwa hiyo halikusaidia kitu. Sushmita akamwambia apige simu tena, asikilize vizuri. Akapiga kwa sauti ya juu wote wasikie, na bibi akalirudia neno.

"Umesikia, baba mdogo? Ni maneno mawili yaliyoungana yakawa moja. Likate pale yalipoungana." Akaandika mlangoni kwa kidole cha unga: green-house. "Silabi mbili. Ya kwanza ina mkazo." Akaichorea kistari juu. "Piga makofi. La kwanza zito, la pili jepesi. Hilo ni banda la kuoteshea mboga. Angetaka nyumba ya kijani kama yetu, angeyatenga, na 'house' angeikazia zaidi."

"Banda letu la nailoni," Dilmaya akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Mfuko ulikuwa juu ya kreti la nyanya. Aliyeupeleka mjini ni Harka, kwa pikipiki yake, akamkuta bibi bado hajapanda basi.

Siku hizi Purna akisikia neno la Kiingereza hujipiga mapajani kwanza, zito, jepesi, ndipo ajibu. Lakini jioni ile alikwenda kwa Harka ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, kaka. Mkazo niliuweka pabaya."

"Ndiyo," Harka akasema, akimsogezea chai. "Uliuweka juu yangu."