Saa Tano za Kutoka Maskati

Mwili wa Mzee Kibwana ulilala kando ya karo la uani, nyumbani kwake Bunju, birika la udhu limepinduka miguuni pake. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na alama za vidole.

"Amesukumwa," alisema daktari wa polisi. "Alfajiri hii."

Inspekta Somoe alimgeukia Najat, binti wa marehemu, aliyeukuta mwili saa kumi na mbili.

"Nani ana ufunguo wa mlango wa uani?"

"Baba na mie. Na kaka yangu Shomari, lakini yeye yupo Maskati, mwaka wa nne huu. Nimempigia saa kumi na mbili na nusu. Kalia mno, afande. Kasema anakwenda kiwanjani sasa hivi."

"Mtamsubiri?"

"Imamu amekataa. Baba ataoshwa saa nne, azikwe baada ya Adhuhuri. Nimemwambia hivyo hivyo."

Saa nne, daktari alipokwisha kutoa ruhusa, mashuka yalizungushwa uani na maji ya mkunazi yakatengwa. Ndipo Shomari alipoingia, begi mkononi.

"Baba yangu nitamwosha mwenyewe. Asimguse mtu mwingine."

Wazee walimpisha, machozi yakiwatoka. Somoe aliitazama saa yake. Kutoka Maskati hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu nne. Ndege isiyotua popote hukaa angani zaidi ya saa tano. Tangu simu ile zilikuwa zimepita saa tatu na nusu.

Alimwacha aoshe. Alimwacha azike. Waliporudi kutoka makaburini, alimketisha barazani.

"Pole sana kwa msiba, Shomari. Ndege yako iliruka saa ngapi?"

Shomari alilivuta begi lake karibu.

"Naomba pasipoti."

Muhuri wa kuingia nchini ulikuwa wa miezi minane nyuma.

"Ungefika usiku, ningekuamini. Kwa nini uliwahi?"

"Aoshwe na watu baki, nami mwanawe nipo?"

Kisha akasema yote. Kazi ilimwishia ugenini. Alirudi kimya, akapanga chumba Mbagala, akawa kuli sokoni. Kila Ijumaa alimpigia baba yake kwa mtandao, kwa namba ileile ya Maskati, akijifanya yu ng'ambo. Majuzi alisikia kikohozi cha mzee simuni. Alfajiri ile akaja kumchungulia tu. Mzee akamwona.

"Alikasirika?"

"Laiti angekasirika! Alicheka, afande. Akanishika shati: 'Twende msikitini, jamaa wakamwone Shomari wangu, amerudi!' Nami nimevaa matambara ya kazi. Niliona haya. Nikamkamata mkono, nikamsukuma aniachie. Nikakimbia. Sikujua kama amekufa mpaka Najat aliponipigia."

Somoe alimtia pingu. Mikono ile bado ilinukia kafuri.

Najat alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "kutoka Mbagala hadi hapa si ni kupanda gari mbili tu?"