Alama kwenye Jina la Marguerite

Kila alipotoka shule, Sikuzani alipitia kwa shangazi yake Zuwena, fundi wa nguo pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watu wote wa nyumbani. Kwa hiyo mwezi ule wa Juni 1962, shangazi alimkabidhi ubao.

Sherehe ya Uhuru ilikuwa karibu, na wasichana kumi na wawili wa shule walihitaji magauni meupe ya gwaride. Juu kabisa Sikuzani aliandika MAGAUNI YA UHURU. Chini yake, akisogea kidogo kulia, aliandika majina ya wasichana. Chini ya kila jina, akisogea tena kulia, aliandika kazi ndogo: kukata, kushona, kutia mikono, kupinda, vifungo.

"Kazi ndogo zinapata alama kwanza," shangazi alimwambia. "Jina halipati alama mpaka kazi zote zilizo chini yake ziishe. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, habari zikaja kwamba mwalimu atapita kutazama kazi. Sikuzani aliutazama ubao. Mistari ilikuwa mingi na chaki imechafuka. Akaona aibu. Akachukua kitambaa, akafuta kazi ndogo zote, akabakiza majina tu, kila moja na alama yake.

Alipokuwa akifuta, jina moja lilimsimamisha. Chini ya Marguerite, msichana wa kijiji cha Gatete aliyepimwa mwisho, "kutia mikono" haikuwa na alama. Lakini gauni lake lilikuwa kikapuni, limekunjwa pamoja na mengine. "Litakuwa limeisha," Sikuzani alijiambia. Akaweka alama.

Mwalimu aliusifu ubao. Shangazi aliusoma, akafunika cherehani. Aruna, fundi msaidizi mwenye kazi ya kutia mikono, alirudi kutoka sokoni alikokwenda kutafuta uzi. Naye aliusoma, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi ya Jumapili Marguerite alifika na baba yake, Sylvestre. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Gauni lilipokunjuliwa, mikono miwili ilianguka chini, haijashonwa.

Shangazi alikimbilia cherehani. Alikuwa amemaliza mkono mmoja tu ngoma zilipoanza na wasichana kumi na mmoja wakaondoka kwa mstari. Marguerite alibaki kando ya barabara, amejifunga kanga ya kuazima, akiwatazama wenzake wakipita. Hakulia. Sikuzani alitamani angelia.

"Aruna, umenitia aibu!" shangazi alifoka mbele za watu. "Unaachaje kazi bila kusema?"

"Ubao ulisema imeisha," Aruna alijibu polepole. "Nilidhani umeshona wewe."

Sikuzani alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alirudi ndani, akaanza kuokota vipande vya uzi.

Jioni kulikuwa na ugali na samaki wadogo wa ndagala, lakini Sikuzani hakula. Mwishowe alisema, "Shangazi, Aruna hana kosa. Ni mimi niliyefuta kazi ndogo. Niliona mikono haina alama, nikaweka alama kwenye jina."

Shangazi aliweka sahani yake chini. Kisha alisimama, akamshika mkono, wakaenda mpaka kwa Aruna. Wote wawili walimwomba radhi.

"Yameisha," Aruna alisema. "Ila yule mtoto wa Gatete."

Jumatatu walikwenda Gatete na gauni lililokamilika. Marguerite alilivaa uani. Lilimkaa vizuri sana.

"Nisamehe," Sikuzani alisema. "Kosa lilikuwa langu."

"Murakoze, asante, gauni ni zuri," Marguerite alijibu, akilitazama pindo. "Lakini Uhuru ulikuwa jana."

Walirudi kwa njia ya ziwani. Sikuzani alilia njia nzima, na shangazi hakumkataza.

"Umesema ukweli, na gauni limeisha," shangazi alisema walipokaribia mji. "Nimefurahi kwa hilo. Lakini ulitaka kazi ipendeze machoni pa mgeni, ukaficha sehemu iliyobaki. Kitu ambacho hakijaisha tukikiona, tunakimaliza. Kikifichwa, hakuna anayejua kwamba anahitajika. Na ukweli, mwanangu, useme mapema. Ungeusema Jumamosi, mikono miwili ilikuwa kazi ya nusu saa."