Aliyejibu Ndani ya Mafunjo

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na maneno huyo! Msalimie tu, chai inapoa mkononi. Kazi yake ilikuwa kuendesha boti kwenye hifadhi ndogo ya taifa, yenye maziwa ya maji matamu yaliyounganishwa na vijia vyembamba katikati ya mafunjo.

Vijia hivyo havipitishi boti mbili. Kabla ya kuingia, unagonga ubavu wa boti kwa kasia. Aliyemo ndani akigonga, unasubiri. Lakini kuongea humo ni marufuku. Shemeji alikuwa akiwacheka wenzake kwa hilo. "Mafunjo yana masikio?"

Yaliyompata alituandikia baadaye. Ilikuwa mchana kweupe, ametoka kuondoa nyavu haramu, yuko peke yake. Akagonga. Kimya. Akaingia.

Katikati ya njia, majani yakakaba injini. Akaizima, akainama kuyatoa. Alipoinua kichwa, mbele hakuna njia. Akageuka. Nyuma nako kumefungwa. Na upepo haukuwepo, jamani.

Akasukuma kwa kasia. Wapi! Akasukuma mpaka viganja vikachubuka. Mafunjo yakazidi kusogea. Yakagusa boti kulia. Yakagusa kushoto. Akakosa hata pa kunyoosha mkono.

Ndipo akasikia mnong'ono sikioni.

"Unataka kutoka?"

Mwingine angekumbuka lile katazo. Yeye akajibu, "Nataka, ndugu yangu. Nitoe."

Njia ikafunguka.

Alifika nyumbani mzima, dada akamshukuru Mungu. "Mbona umechelewa, baba?" Shemeji akafungua mdomo. Haukutoka hata mguno. Hospitali wamempima koo, wanasema halina tatizo.

Hilo tungelizoea. Lakini jana amekuja mwenzake wa kazini, hata kukaa hakutaka. Anasema kule kwenye mafunjo kuna mtu anaita, na sauti ni ya shemeji. Inamwita dada kwa jina lao la chumbani, ambalo hata mimi ndugu yake sikuwahi kulisikia. Inasema, "Nitoe."

Tangu hapo dada analia, eti lazima aende akamjibu mumewe. Na mumewe huyo hapo, kamng'ang'ania mkono, anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Mlango nimeufunga. Ufunguo ninao mimi, na usingizi umeanza kunizidi nguvu.