Mtu wa Arobaini na Mbili

Kila asubuhi Rachel na Vidhi walienda shule pamoja. Mama yake Rachel aliuza vitenge Kariakoo. Baba yake Vidhi aliuza vyombo duka la pili. Watoto hawa walikuwa chanda na pete, mpaka Vidhi alipochaguliwa kiongozi wa usalama wa darasa.

Jamani, wivu! Kila Vidhi alipopuliza filimbi yake, roho ilimuuma Rachel.

"Kwa nini yeye? Kwani mimi sina mdomo?" alinung'unika.

Ijumaa alikuja Angelina, askari wa zimamoto.

"Leo tunafanya zoezi," alisema. "Kengele ikilia, acheni mabegi. Tokeni kwa mstari, msisukumane. Uwanjani kiongozi atawahesabu."

Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka. Rachel, kwa kijicho chake, akajificha chooni. Alitaka hesabu igome, Vidhi aumbuke.

Vidhi alihesabu mara mbili.

"Afande, tuko arobaini na mmoja. Rachel hayupo!"

Angelina akabeba mtungi wa hewa mgongoni, akaingia ndani mbio. Alifungua mlango mmoja baada ya mwingine akiita. Alipofika chooni, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Umeumia?"

"Hapana, afande." Rachel akaanza kulia. "Nilimwonea wivu Vidhi."

Angelina alichuchumaa.

"Mwanangu, ungekuwa moto wa kweli, ningeingia hivi hivi. Mtu akikosekana kwenye hesabu, sisi tunaingia kwenye moshi kumtafuta. Na mimi nina watoto wawili nyumbani."

Rachel alitamani ardhi ipasuke. Alitoka, akamwomba Vidhi msamaha.

"Umenitisha wewe!" Vidhi alifoka. "Nilijua umeanguka ngazini. Haya, yaishe."

Wiki tatu baadaye, waya wa birika la umeme ulishika moto ofisini kwa walimu. Moshi ukajaa ukumbini. Kengele ikalia, na safari hii haikuwa zoezi. Rachel aliacha begi, akaziba pua kwa sweta, akainama chini ya moshi, akatoka na wenzake.

Gari la zimamoto lilipofika, Angelina aliuliza jambo moja tu.

"Kuna mtu ndani?"

"Hakuna, afande," Vidhi akajibu baada ya walimu na viongozi wa madarasa mengine. "Wote arobaini na wawili tupo hapa."

Askari wakakata umeme, wakaelekeza maji ofisini kupitia dirishani. Moto ukazimika.

Wivu, tuseme kweli, ulikuwa bado haujamtoka Rachel. Filimbi ile aliitamani. Lakini alisimama kwenye mstari, akamtazama Angelina akikunja mpira wa maji. Siku hiyo afande hakulazimika kuingia kwenye moshi kumtafuta mtu.